Hesabu Kwanza, Unganisha Baadaye

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, wenzangu mnaoandika programu, na ninyi vijana mlioanza juzijuzi kujifunza SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata: nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie jambo linaloonekana dogo, nalo ni kuhesabu. Mtu ana majedwali matatu au manne kwenye hifadhidata, mkubwa wake wa kazi anataka kujua rekodi ziko ngapi, na jibu linatakiwa kabla ya kikao. Wengi mtasema hilo ni somo la wiki ya kwanza. Mimi naliona ni somo la miaka, na ninaomba uvumilivu wenu niwaonyeshe kwa nini.

Swali la SQL likiwa na kosa la herufi, hifadhidata inalikataa. Inakuonyesha palipoharibika, unarekebisha, kazi inaendelea. Lakini swali lenye sarufi sahihi na mantiki mbovu halikataliwi. Linarudisha namba, na namba hiyo inafanana kabisa na namba ya kweli: haina rangi nyekundu wala onyo. Inaingia kwenye ripoti, ripoti inaingia kikaoni, na kikaoni watu wanakata shauri. Waajiriwe wangapi, huduma ipi ifungwe, bajeti iende wapi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tunalo, tena kubwa mno, lakini likisomwa vibaya mali huisha vilevile. Ndiyo maana jambo hili linanikera, na ndiyo maana nimekubali kusimama hapa.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao hadi mwisho. Maktaba. Ina jedwali la wanachama, mstari mmoja kwa kila mwanachama. Ina jedwali la maazimo: kila kitabu kinapoazimwa unaongezeka mstari mmoja, umebeba namba ya mwanachama aliyekichukua. Na ina jedwali la faini, kila faini na mstari wake, nao umebeba namba ya mwanachama. Tuseme wanachama ni 200, maazimo 500, faini 40. Tunataka kujua kila jedwali lina mistari mingapi, na jumla yake.

Tazameni skrini. Hivi ndivyo mkono unavyokwenda wenyewe usipouzuia:

SELECT COUNT(*) FROM wanachama, maazimo, faini;

Aliyeandika hivi anatarajia 740. Kitakachorudi ni 4,000,000. Koma iliyoko baada ya FROM haimaanishi "na pia". Inaiagiza hifadhidata ichukue kila mstari wa wanachama, iushikanishe na kila mstari wa maazimo, kisha kila jozi iliyopatikana iishikanishe na kila mstari wa faini. 200 mara 500 mara 40. Hifadhidata imefanya ilichoagizwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Milioni nne walau inashtua, kwa hiyo mtu atarudi kutazama. Sasa fikirini maktaba hiyohiyo mwezi wake wa kwanza, kabla mtu yeyote hajatozwa faini. Jedwali la faini ni tupu. Kitu chochote mara sifuri ni sifuri, basi swali lile lile linasema maktaba haina chochote: wanachama 200 wapo, vitabu vinatoka na kurudi, na ripoti inasema 0.

Njia iliyo salama ni kuliacha kila jedwali lihesabiwe peke yake, kisha kuweka majibu pamoja. Mkitaka majibu yakae kwenye mstari mmoja, andikeni maswali ya ndani:

SELECT
  (SELECT COUNT(*) FROM wanachama) AS wanachama,
  (SELECT COUNT(*) FROM maazimo) AS maazimo,
  (SELECT COUNT(*) FROM faini) AS faini;

Wanaotumia hifadhidata ya Oracle ya zamani wataongeza FROM dual mwishoni, maana kabla ya toleo la 23 haikukubali SELECT isiyo na FROM. Na mkitaka kila jedwali liwe na mstari wake kwenye jibu, jambo ambalo mimi napendelea majedwali yanapokuwa mengi, andikeni hivi:

SELECT 'wanachama' AS jedwali, COUNT(*) AS idadi FROM wanachama
UNION ALL
SELECT 'maazimo', COUNT(*) FROM maazimo
UNION ALL
SELECT 'faini', COUNT(*) FROM faini;

Hapo kuna neno moja dogo, ALL, ambalo wengi huliacha kwa sababu swali linakwenda hata bila hilo. Naomba nisimame hapa kidogo.

Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM, alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata hizi tunazotumia. Alizijenga juu ya hisabati ya seti, na katika seti kitu hakitokei mara mbili: ama kimo, ama hakimo. Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaitoa lugha ya kuziulizia data hizo, ambayo baadaye ikaitwa SQL, na mwaka 1986 ikapata kiwango rasmi cha Marekani. Lakini lugha hiyo haikuishika sheria ya seti kila mahali. SELECT ya kawaida inakuletea mistari inayofanana bila kuichuja, kwa sababu kuchuja ni kazi na kazi ina gharama. UNION ni miongoni mwa zilizobaki na tabia ya seti: ikiona mistari miwili inayofanana, inabakiza mmoja.

Sasa angalieni athari yake kwa mtu anayetafuta jumla:

SELECT SUM(idadi) FROM (
  SELECT COUNT(*) AS idadi FROM wanachama
  UNION
  SELECT COUNT(*) FROM maazimo
  UNION
  SELECT COUNT(*) FROM faini
) zote;

Leo linatoa 740, na ni sahihi. Kesho pia, na mwezi ujao. Kisha inafika siku wanachama wanakuwa 500 na maazimo 500. Mistari miwili ya ndani inafanana, UNION inaondoa mmoja, na jumla inakuwa 540 badala ya 1,040. Keshokutwa anaongezeka mwanachama mmoja, namba zinatofautiana tena, jumla inarudi kuwa sahihi. Aliyeiona ile 540 ataambiwa alisoma vibaya. Swali la namna hii linaweza kupita majaribio yote, likakaa kwenye mfumo miaka, likasema uongo siku moja moja. ALL ni herufi tatu tu. Ziandikeni.

Nimeisema UNION kwa ubaya, basi niitendee haki, kwa sababu kuna swali ambalo yeye ndiye jibu lake. Ukiulizwa ni wanachama wangapi wameonekana kwenye maazimo au kwenye faini, kila mtu mara moja, hapo hasa unahitaji kuchuja:

SELECT COUNT(mwanachama_id) FROM (
  SELECT mwanachama_id FROM maazimo
  UNION
  SELECT mwanachama_id FROM faini
) watu;

Tofauti iko kwenye kitu unachohesabu. Kule tulihesabu mistari, hapa tunahesabu watu. Kabla ya kugusa kibodi, mtu anapaswa kuweza kusema kwa sentensi moja: kimoja kati ya hivi ninavyohesabu ni nini? Ni mwanachama? Ni tendo la kuazima? Ni kitabu? Kitabu kimoja kikiazimwa mara kumi ni moja au kumi? Asiyeweza kuijibu sentensi hiyo hajafika kwenye SQL bado, na hakuna anayeweza kumsaidia kwenye SQL.

Sasa tuingie mahali penye mashimo mengi, nako ni kuunganisha. Mkuu wa maktaba anasema: nataka orodha ya wanachama, na kila mmoja ameazima mara ngapi na ametozwa faini ngapi. Ombi la haki kabisa. Mwandishi anaandika:

SELECT w.id, COUNT(m.id) AS maazimo, COUNT(f.id) AS faini
FROM wanachama w
LEFT JOIN maazimo m ON m.mwanachama_id = w.id
LEFT JOIN faini f ON f.mwanachama_id = w.id
GROUP BY w.id;

Lisomeni polepole. LEFT JOIN inaunganisha majedwali huku ikimbakiza kila mwanachama, hata asiye na azimo wala faini. Linapendeza, linasomeka, hata mwalimu anaweza kulipitisha. Mchukueni mwanachama namba 7, ambaye ameazima mara 3 na ana faini 2. Swali hili litasema ameazima mara 6 na ana faini 6.

Kilichotokea ni hiki. Unganisho la kwanza lilimpa namba 7 mistari mitatu, mmoja kwa kila azimo. Unganisho la pili halikumjua mwanachama kama mtu mmoja. Lilikuta mistari mitatu yenye namba 7, na kila mmoja likaushikanisha na faini zote mbili. Mistari sita. Kila azimo limetokea mara mbili, kila faini mara tatu, kisha COUNT ikahesabu ilichokikuta. Maazimo na faini hayana uhusiano wowote kati yao; kilichoyakutanisha ni mwanachama tu. Kila mnapounganisha majedwali mawili ya watoto kupitia mzazi mmoja, hesabu zinazidishana.

Na ubaya wake zaidi ni kwamba halikosei kwa wote. Mwenye azimo moja na faini moja anapata 1 na 1, sahihi. Mwenye maazimo matano bila faini anapata 5 na 0, sahihi. Anayejaribu swali kwa data chache alizozibuni mwenyewe, mstari mmoja mmoja, ataliona zima. Wanaoharibikiwa ni wale wenye rekodi nyingi pande zote mbili, na hao kwa kawaida ndio ripoti ilikuwa inawatafuta.

Dawa inayotolewa haraka ni DISTINCT, yaani kuhesabu kila thamani mara moja tu. COUNT(DISTINCT m.id), COUNT(DISTINCT f.id). Namba 7 anarudi kuwa 3 na 2, watu wanapumua. Nawaomba msipumue. DISTINCT imeficha kuzidishana, haijakuondoa. Mistari sita bado inatengenezwa, ndipo inachujwa. Kwa namba 7 si kitu. Lakini mwanachama mwenye maazimo 100 na faini 20, mkimuongezea jedwali la tatu la vitabu alivyoweka nafasi ambamo ana mistari 50, anatengenezewa mistari 100,000 yeye peke yake, ili mwisho ipatikane 100, 20 na 50. Seva inachemka kwa kazi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Halafu mkuu wa maktaba anauliza swali linalofuata, na siku zote huuliza: jumla ya faini zake ni kiasi gani? Faini mbili za namba 7 ni 500 na 500, basi jumla ni 1,000. SUM(f.kiasi) kwenye unganisho lile itasema 3,000, kwa kuwa kila faini imetokea mara tatu. Aliyezoea DISTINCT ataijaribu tena, SUM(DISTINCT f.kiasi), na atapata 500, kwa sababu kiasi cha 500 kimeonekana mara moja tu baada ya kuchujwa. Namba mbili zimetoka, moja imezidi, moja imepungua, na zote hazina ukweli. Nikipitia kazi ya mtu nikaikuta DISTINCT, swali langu la kwanza ni moja: unaweza kunieleza mistari inayojirudia imetoka wapi? Akiweza, ibaki. Kama iliwekwa ili namba ikae sawa na matarajio, basi tatizo liko juu yake, kwenye unganisho, na huko ndiko pa kwenda.

Njia ninayoisimamia ndiyo hii: hesabu ndani ya kila jedwali kwanza, hadi ubaki na mstari mmoja kwa kila mwanachama, ndipo uunganishe.

SELECT w.id,
  COALESCE(m.idadi, 0) AS maazimo,
  COALESCE(f.idadi, 0) AS faini,
  COALESCE(f.jumla, 0) AS jumla_ya_faini
FROM wanachama w
LEFT JOIN (
  SELECT mwanachama_id, COUNT(*) AS idadi
  FROM maazimo GROUP BY mwanachama_id
) m ON m.mwanachama_id = w.id
LEFT JOIN (
  SELECT mwanachama_id, COUNT(*) AS idadi, SUM(kiasi) AS jumla
  FROM faini GROUP BY mwanachama_id
) f ON f.mwanachama_id = w.id;

Ni refu zaidi, sikatai. Lakini tazameni: kila kipande cha ndani kinaleta mstari mmoja au hakileti kitu kwa kila mwanachama. Moja mara moja ni moja. Hakuna cha kuzidishana. Mkiongeza jedwali la nne au la kumi, hesabu za mwanzo hazitikisiki. Wanaopenda kuandika vipande hivyo juu kwa WITH, kila kimoja na jina lake, waandike hivyo. Kiwango cha SQL kiliiruhusu tangu 1999, MySQL ikaipokea toleo la 8.0 mwaka 2018, na swali linasomeka vizuri zaidi kwa atakayekuja baada yenu.

Mmeona COALESCE. Ipo kwa sababu ya wanachama wasio na azimo wala faini: kipande cha ndani hakina mstari wao, basi LEFT JOIN inaweka NULL, yaani pengo lisilo na thamani, na sisi tunataka sifuri. Sifuri ni habari. Mwanachama aliyejiandikisha asiazime hata kitabu kimoja ndiye maktaba inapaswa kumjua kuliko wengine, na ndiye maswali mabovu huwa wa kwanza kumpoteza.

Anapotezwa kwa njia mbili, na zote mbili nimezikuta mara nyingi kwenye kazi za watu wazuri. Ya kwanza ni kutumia COUNT(*) baada ya LEFT JOIN. COUNT(*) inahesabu mistari bila kujali yaliyomo. LEFT JOIN imemwachia mwanachama yule mstari wake mmoja wenye mapengo upande wa kulia. Basi anaonekana ameazima mara 1. COUNT(m.id) inahesabu pale tu penye thamani, NULL inairuka, na jibu ni 0. Kwa hiyo kwenye unganisho la namna hiyo, hesabuni ufunguo mkuu wa jedwali la kulia, ile safu inayotambulisha kila mstari wake. (COUNT(1), ambayo kuna watu huitetea kwa nguvu, ni sawa na COUNT(*). Tusipoteze muda juu yake.)

Njia ya pili ni ya kimyakimya zaidi. Mkuu wa maktaba anasema: nipe maazimo tangu mwanzo wa mwaka 2024. Mwandishi anaongeza mwishoni WHERE m.tarehe >= '2024-01-01'. Kwa asiye na azimo, m.tarehe ni NULL. NULL ikilinganishwa na tarehe yoyote haitoi kweli. WHERE inabakiza kilicho kweli tu. Mwanachama anatoweka kwenye orodha. LEFT JOIN bado imeandikwa pale, kila msomaji anaiona, lakini haifanyi tena kazi yake. Sharti la jedwali la kulia lipelekeni kwenye ON:

LEFT JOIN maazimo m
  ON m.mwanachama_id = w.id
 AND m.tarehe >= '2024-01-01'

Sasa sharti linachagua maazimo ya kuunganisha, halichagui wanachama wa kubaki.

NULL ina mtego mwingine ambao sitaki muondoke bila kuujua. Mtu anataka idadi ya wanachama ambao hawajawahi kuazima, anaandika WHERE id NOT IN (SELECT mwanachama_id FROM maazimo). Ikiwa kwenye maazimo yote 500 kuna mstari mmoja tu ambao namba ya mwanachama haikujazwa, jibu ni 0. Kwa wote. Hifadhidata inaulizwa kama namba 12 ni tofauti na kila kilichomo kwenye orodha, na kimojawapo haijulikani ni nini, haiwezi kuapa kwamba si 12, haimhesabu. NOT EXISTS haina tatizo hilo, na mimi sioni sababu ya kuandika NOT IN juu ya swali la ndani ikiwa safu inaruhusu NULL.

Na kwa wanaohesabu kwa masharti ndani ya swali moja, haraka tu: COUNT(CASE WHEN imelipwa = 1 THEN 1 ELSE 0 END) inahesabu faini zote, zilizolipwa na zisizolipwa, maana 0 nayo ni thamani. Ondoeni ELSE 0, au badala ya COUNT tumieni SUM. PostgreSQL tangu toleo la 9.4 inayo FILTER, iliyo safi kuliko zote mbili.

Nije kwenye kasi, kwa sababu najua kuna mtu amekaa hapa ana jedwali la mistari milioni mia na amekuwa akijiuliza kama ninajua COUNT(*) inachukua muda gani kwake.

Kwa nini hifadhidata haikumbuki tu idadi ya mistari yake? Zamani MySQL ilikumbuka: majedwali ya MyISAM, njia yake ya zamani ya kuhifadhi data, yalitunza idadi kamili, na COUNT(*) bila sharti ilijibu papo hapo. InnoDB, iliyokuwa chaguo la kawaida la MySQL tangu toleo la 5.5 mwaka 2010, haikumbuki, na PostgreSQL haikumbuki. Huo si uzembe wa walioziunda. Mifumo hii inaruhusu miamala mingi, yaani mafungu ya kazi yanayothibitishwa au kufutwa kwa pamoja, kufanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja ukiona picha yake ya data. Wewe umefuta mistari kumi hujathibitisha. Mwenzako bado anaiona. Kwa dakika hiyo idadi ni mbili, yako na yake, na zote ni halali. Hakuna namba moja ya kuandikwa pembeni. Ndiyo maana mistari lazima ikaguliwe kila unapouliza, ingawa tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012 PostgreSQL inaweza kumaliza kazi kwa kusoma faharasa (index) peke yake, pale inapojua kurasa zake zinaonekana na wote.

Mkihitaji kujua ukubwa wa takriban, makadirio yapo: reltuples kwenye pg_class kwa PostgreSQL, TABLE_ROWS kwenye information_schema kwa MySQL. Ila waandishi wa MySQL wenyewe wanaonya kwamba kwa InnoDB namba hiyo inaweza kupishana na ukweli kwa asilimia 40 hadi 50. Inafaa kwa anayepanga ukubwa wa diski. Haifai kuwekwa kwenye ripoti chini ya neno "jumla". Nimeona ikiwekwa.

Na mara nyingi hesabu yenyewe haikuhitajika. Programu inahesabu faini zote za mwanachama ili tu ijue kama zinazidi sifuri, kisha inaitupa namba. EXISTS inasimama kwenye mstari wa kwanza inaoukuta. Kabla ya kuongeza seva, pitieni programu zenu mtafute hesabu ambazo hakuna anayezisoma.

Kuna suala la wakati pia. Ukihesabu wanachama kwa swali moja, maazimo kwa la pili na faini kwa la tatu, umehesabu maktaba tatu tofauti, kwa sababu kati ya swali na swali watu wameendelea kuazima na kurudisha. Katika PostgreSQL, swali moja lote, pamoja na maswali yake ya ndani, linaona picha moja ya data. Maswali yaliyoachana, muamala ukiwa kwenye kiwango kinachoitwa READ COMMITTED, kila moja linapata picha yake. Kwa ripoti ambayo safu zake zinapaswa kukubaliana, andikeni swali moja, au fungueni muamala wa REPEATABLE READ, unaoshika picha moja hadi mwisho, na muulize yote ndani yake.

La mwisho ni jaribio ambalo ningependa mlifanye kwenye ripoti mojawapo mliyonayo sasa hivi, ile inayoaminika kuliko zote. Chukueni safu ya maazimo kwa kila mwanachama, muijumlishe. Pembeni, hesabuni jedwali la maazimo peke yake, bila kuliunganisha na chochote, kwa sharti lilelile la tarehe. Ikiwa jumla ya ripoti imezidi, unganisho limezidisha mistari, na sasa mnajua pa kutafuta. Ikiwa imepungua, kuna maazimo ambayo hayana mwanachama: namba haikujazwa, au mwanachama alifutwa na maazimo yake yakabaki. Yahesabuni hayo nayo, myatafutie wenyewe. Ikiwa zimelingana, fanyeni hivyohivyo kwa faini, kwa idadi na kwa kiasi, kwa sababu maazimo kulingana hakusemi lolote juu ya faini. Na wekeni jaribio hilo liwe linajiendesha kila ripoti inapotoka, maana data za leo si za mwezi ujao.

Ndugu Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Aliyekuja na swali lake la SQL kwenye kompyuta yake na alilete mbele, tulifungue pamoja.